Kifusi, magofu, mabaki, masalia, vigae: uandike lipi, wapi

Mwaka jana tulikuwa tunajaza msingi wa nyumba ya mdogo wangu kule Chanika, nikampigia simu jamaa mmoja wa tipa nikamwambia kaka naomba tripu tatu za kifusi, tukaelewana bei, nikatuma hela. Kwenye saa nne asubuhi tipa la kwanza likaingia, likanyanyua bodi, likamwaga. Matofali yaliyovunjika, mapande ya zege yenye nondo zimechomoza, marumaru za bafuni, mpaka beseni la kunawia limepasuka katikati. Fundi akasogea akalitazama lile rundo, akasema hiki sicho, mimi nilitaka kifusi cha kujazia, udongo wa moramu, nikishindilia ukae. Dereva akashuka akasema, "Bosi si ulisema kifusi? Hiki ni nini sasa kama sio kifusi?" Wakaanza kubishana pale, na mimi nimesimama katikati nawasikiliza, nikaona wote wawili wanasema kweli tupu.

Mimi kazi yangu ni kuandika na kurekebisha habari za Kiswahili, nashinda na maneno haya siku nzima, na tangu siku ile nimekuwa nayafuatilia kwa karibu sana, kifusi na ndugu zake wote, gofu, mabaki, masalia, kigae, maana naona watu wanayachanganya kila siku na wakati mwingine kuchanganya kwenyewe kunaumiza mtu. Kwahiyo nimeyaweka pamoja hapa, hili na lile, ili ukiwa unaandika posti, habari, insha ya mtoto au hata unaagiza tipa ujue unachukua lipi.

Tuanze na kifusi chenyewe

Kifusi kina matumizi matatu makubwa na inabidi uyajue yote ndio uweze kulilinganisha na mengine.

La kwanza ndilo linalojulikana zaidi, jengo limeanguka, kile kilicholala chini, zege, matofali, udongo, mbao, nondo, vumbi, vyote vimechanganyika havitenganishiki, hicho ni kifusi. La pili ni la migodini, na hapa wala hakuna jengo. Wachimbaji wadogo wako chini, shimo linakatika, udongo na mawe vinaziba njia, tunasema wamefukiwa na kifusi. Mwaka 2015 pale Nyangarata, Kahama, kuna wachimbaji 5 walitolewa wakiwa hai baada ya kukaa chini siku 41, walikuwa wanakula mizizi na wadudu na kunywa maji yanayodondoka kwenye miamba, na kila redio ilikuwa inasema kifusi, kifusi, wakati kilichowafunika ni mawe na udongo wa mgodi ambao haujawahi kuwa nyumba ya mtu. La tatu ndio lile la fundi wetu wa Chanika, udongo au moramu inayoletwa na tipa kujazia msingi, kiwanja cha bondeni au barabara. Hiki hakijavunjika kutoka kwenye kitu chochote, kimechimbwa tu kikapakiwa. Ndio maana Dar utakuta kibao kimeandikwa kwa mkono KIFUSI KINAHITAJIKA, alafu mita mia mbele kibao kingine USIMWAGE KIFUSI HAPA, na hakuna mtu anayechanganyikiwa.

Sasa ukiyaangalia haya matatu, kuvunjika sio kinachoyaunganisha. Kinachoyaunganisha ni kufukia. Kifusi ama kimemfukia mtu, ama kimefukia njia, ama wewe umekileta ufukie shimo lako. Nimejaribu sentensi nyingi kichwani na hii haijawahi kuniangusha, watu hawafukiwi na magofu, hawafukiwi na mabaki, wala hawafukiwi na vigae. Wanafukiwa na kifusi. Kama kwenye habari yako kuna kitu kimeziba, kimefunika au kinatakiwa kujaza, chukua kifusi usifikirie mara mbili.

Kuhusu wingi, Kenya ukisikiliza taarifa za habari utasikia vifusi hata kwa jengo moja, mfano lile la Huruma Nairobi lililoanguka Aprili 2016 waokoaji wakamtoa mtoto mchanga akiwa hai baada ya siku tatu na zaidi, ilikuwa ni vifusi vya jengo. Huku Tanzania rundo moja hata lijaze matipa hamsini bado ni kifusi, kifusi kimeondolewa, kifusi kimemwagwa, na tukisema vifusi tunamaanisha marundo tofauti tofauti, kama yale mkandarasi anayomwaga kando ya barabara kisha greda linachelewa kuja kusambaza mnakaa nayo masika nzima. Kote kuwili ni sahihi, ila kwenye habari moja usirukeruke, mstari huu kifusi mstari unaofuata vifusi, shika kimoja uende nacho mpaka mwisho.

Na usichanganye kifusi na maporomoko. Maporomoko ni tukio, ule mwendo wenyewe wa kushuka, kama Hanang' Desemba 2023 tope na mawe na magogo yaliposhuka kutoka mlimani yakaingia Katesh. Yakishatulia juu ya nyumba za watu hapo ndio unapata kifusi cha kuondoa.

Kifusi au gofu?

Hapa mfano mzuri kuliko wote uko Zanzibar. Jumba la Maajabu, Beit al-Ajaib, lilijengwa 1883 enzi za Sultan Barghash, na tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati sehemu kubwa yake ikaporomoka, watu wawili wakafariki. Siku ile magazeti yaliandika kifusi na yalikuwa sahihi, kulikuwa na rundo kubwa chini pale Forodhani na watu wanatafutwa ndani yake. Lakini kile kilichobaki kimesimama, kuta, nguzo, ghorofa zimekatika ukiwa nje unaona vyumba kama umefungua kabati, kile hakikuwa kifusi. Kama kingeachwa vile bila kukarabatiwa kingekuwa gofu. Jengo lile lile, siku ile ile, kilicholala kinaitwa hivi na kilichosimama kinaitwa vile.

Kwahiyo swali la kujiuliza ni dogo sana, naweza kuingia? Gofu lina mlango hata kama halina paa. Utaingia, utasema hapa palikuwa sebule, hapa kisima, hapa kibla. Nenda Kaole pale Bagamoyo, nenda Kilwa Kisiwani, nenda Gedi kule karibu na Malindi, unatembea ndani yake na mwongozaji anakuonyesha chumba kwa chumba. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, na jina lenyewe kwa Kiswahili tunasema Magofu ya Kilwa Kisiwani na Magofu ya Songo Mnara, ukiandika vifusi vya Kilwa mtu wa Kilwa atakukasirikia na ana haki, maana unamwambia kwao ni rundo la uchafu wa kubomoa wakati msikiti mkuu bado una kuba zake juu na matao yake unapita chini yake umesimama wima.

Zanzibar pia kuna Maruhubi, kasri lingine la Barghash, liliungua 1899, leo zimebaki nguzo za mawe na hamamu. Ni gofu kabisa na lina zaidi ya miaka mia likiwa gofu, yaani muda liliokaa likiwa jumba ni mfupi sana kuliko muda liliokaa likiwa gofu, na watu wanakwenda kulitembelea.

Sasa mijini kuna kosa lingine, mtu anaona nyumba haina paa, miti imeota ndani, anaandika gofu. Angalia kwanza kama ile nyumba iliwahi kuisha. Kama kuta zimesimama na mwenyewe bado anatafuta hela ya bati, hiyo ni boma, na watu wanauza maboma kila siku, nyumba iko hatua ya boma. Kama mwenyewe kashindwa au kafariki na ndugu wanagombana, popo wamehamia na vijana wanajificha humo kuvuta bangi, hilo ni pagala. Gofu liliwahi kukaliwa, liliwahi kuwa na taa na harufu ya chakula, pagala halijawahi. Kwangu hii ni tofauti kubwa. Ukiliita pagala gofu umelipa heshima ambayo halijaifikia, ukiliita gofu la Songo Mnara pagala umeufuta mji mzima.

Alafu kuna mahame, neno ambalo naona linapotea kwa vijana wa mjini na inanisikitisha. Mahame ni pale watu walipohama, hata kama hakuna ukuta hata mmoja. Unakuta embe tatu zimejipanga vizuri porini, mkonge uliokuwa uzio, jiwe la kusagia, unajua hapa paliishi watu. Baada ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, sehemu nyingi za bara zilibaki mahame, nyumba za miti na udongo hazikai, mvua mbili tatu zimerudi ardhini. Huwezi kusema magofu hapo, hakuna kilichosimama, na huwezi kusema kifusi, hakuna kilichofukia. Ni mahame.

Na gofu linaenda mpaka kwa mtu, aliyekongoroka kwa maradhi utasikia amebaki gofu. Kifusi hakiendi huko. Sijawahi kusikia mtu aliye hai akaitwa kifusi na naomba nisisikie.

Kifusi au mabaki? Hapa naomba tuwe makini

Mabaki ni neno la hesabu. Shule ya msingi tuliimba, kumi gawanya kwa tatu, jibu tatu baki moja. Mabaki ni kizima ukitoa kilichokwenda. Ndio maana mabaki hayakai peke yake, lazima yawe ya kitu, mabaki ya ndege, mabaki ya meli, mabaki ya chakula. Kifusi kinaweza kukaa peke yake barabarani bila mwenyewe na hakuna atakayeuliza kifusi cha nini. Ukisema tu mabaki, kila mtu anakuuliza mabaki ya nini.

Mwaka 2016, mwezi wa sita, kuna pande kubwa la bawa lilionekana kisiwani Pemba, likapelekwa Australia kuchunguzwa, na mwezi wa tisa ikathibitishwa limetoka kwenye ile Boeing 777 ya Malaysia, MH370, iliyopotea tarehe 8 Machi 2014 na watu 239. Limesafiri na maji Bahari ya Hindi nzima mpaka kuja kutua huku kwetu. Sasa lile ni mabaki. Pande moja tu, limepigwa na chumvi, lakini wataalamu wakisoma namba na tarehe za kiwandani wanajua ndege ipi. Mabaki yanakumbuka kitu kizima, ukiyashika yanakurudisha kwenye ndege, kwenye meli, kwenye gari. Kifusi kimeshasahau. Ukishika konzi ya kifusi huwezi kusema hii ilikuwa dirisha au ngazi. Kwahiyo ndege, meli, gari, treni vikiharibika andika mabaki, majengo na mashimo yakianguka andika kifusi. Kuna watu wanaandika mabaki ya jengo na sio kosa, hasa ukiwa unazungumzia kilichobaki baada ya kila kitu kuondolewa, lakini kama kuna watu chini usiandike hivo, na nitakwambia kwanini.

Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 asubuhi jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo. Tuna jirani, mama mtu mzima, kijana wake alikuwa anauza duka maeneo yale na simu yake haipatikani. Tulikaa nae kibarazani, watu wanasoma simu zao, na waliokuwa chini wengine walikuwa bado wanaongea na waokoaji, wanapelekewa maji na hewa. Ukurasa mmoja wa habari ukaandika kwa herufi kubwa kwamba mabaki yanaendelea kutolewa Kariakoo. Mwandishi alimaanisha zege na matofali, nina hakika. Lakini binti mmoja alisoma kwa sauti, na yule mama alichosikia ni mabaki ya watu. Alipiga ukelele ambao mpaka leo nikikaa peke yangu nausikia. Kijana alipatikana saa nane mchana, hakuwa hata ndani ya jengo, alikuwa anasaidia kubeba majeruhi na simu imezima chaji. Lakini zile saa mbili za katikati mama yake alishamzika moyoni, kwa sababu ya neno moja.

Kwenye mwili wa binadamu mabaki yana maana nzito sana, ni mwili ambao haukubaki mzima. Aliyefariki mwili wake upo andika mwili au maiti, tena mwili ni laini zaidi kwa wafiwa. Aliye chini ya kifusi hata kama siku ya tatu imepita bado ni mtu, andika watu waliofukiwa, watu walionasa. Mabaki usiyaguse mpaka zoezi la uokoaji lifungwe na wenye mamlaka waseme. Kama utasahau yote niliyoandika hapa naomba hili usilisahau, andika kifusi kinaendelea kuondolewa, sentensi ile ile, herufi zile zile karibu, na hakuna mama atakayepiga ukelele.

Mabaki au masalia?

Hapa tofauti ni umri na kuhifadhiwa. Masalia ni kile ambacho muda umekiacha. Kule Tendaguru mkoani Lindi Wajerumani walichimba kati ya 1909 na 1913, wakabeba mifupa ya dinosaria, wale mijusi wakubwa wa kale, tani kwa tani, wabebaji ni watu wetu, wakatembea nayo kichwani siku kadhaa mpaka bandarini Lindi, na leo yule mkubwa kuliko wote amesimama makumbusho ya Berlin, kimo chake mita 13.27. Magazeti na bungeni huwa wanasema mabaki ya mjusi wa Tendaguru na limeshazoeleka, siwezi kusema ni kosa. Lakini kwa kuchagua mimi nachagua masalia, maana mabaki yananifanya nisikie kitu kilichoharibika juzi, ajali, moto, wakati hii ni mifupa iliyogeuka jiwe kwa miaka zaidi ya milioni 140. Kwenye kitabu cha shule utakuta visukuku, na kama unaandikia mwanafunzi au mtihani weka visukuku. Kwa lile fuvu la Zinjanthropus la Oldupai la mwaka 1959 halikadhalika, fuvu ukiweza liite fuvu, usikimbilie neno la jumla wakati kitu kina jina lake.

Masalia yanatumika pia kwa vitu visivyoshikika, masalia ya ukoloni, masalia ya kundi la waasi lililosambaratishwa. Kifusi hakifai hapo kabisa.

Chakula nakipitia haraka maana kina ukoo wake mwenyewe. Mtu kala akaacha kwenye sahani ni makombo. Kimebaki sufuriani ukakihifadhi mpaka asubuhi ni kiporo, na kiporo hakina aibu yoyote, ni chai nzito. Mchele uliovunjika ni chenga. Mabaki ya chakula ni lugha ya afya na mazingira, nyumbani hakuna anayesema hivo. Vyuma na magari yaliyokufa yakiuzwa kwa kilo ni vyuma chakavu au skrepa, hapo tumeshatoka kwenye mabaki tumeingia sokoni.

Kigae au kipande?

Kipande kinaweza kukatwa kwa makusudi, kipande cha keki, kipande cha kitambaa. Kigae lazima kimevunjika, na lazima kitoke kwenye kitu cha udongo, kauri au kioo. Tatizo saivi ni kwamba vigae pia ni vile vya kuezekea, na wengine wanaita hivo hata marumaru za sakafuni, kwahiyo ukiandika tumekuta vigae kwenye kiwanja msomaji anaweza kudhani umekuta bidhaa dukani. Ongeza neno moja tu, vigae vya mtungi, vigae vya kauri, imeisha.

Kilwa Kisiwani ukitembea ufukweni maji yakitoka utaviona mwenyewe miguuni, vigae vyeupe vyenye michoro ya bluu, vya kauri za China, vililetwa na biashara ya bahari mamia ya miaka iliyopita, vimelala na vigae vya vyungu vya hapa hapa vyenye mistari ya ukucha. Usiviokote ukaondoka navyo, ni mali ya kale na sheria ipo. Ila inama utazame. Kimoja nilichokitazama kilikuwa saizi ya kidole gumba, kuna nusu ya ua limechorwa, ua lenyewe limekatika pale pale bakuli lilipopasukia.

Nyumbani kwa bibi mtungi wa maji ulivunjika nikiwa darasa la pili. Vigae vingi vilikwenda kwenye shimo nyuma ya choo, vikafukiwa na udongo na majivu, hivo vikawa kifusi. Kimoja kikubwa, kile cha tumboni kwa mtungi kilichopinda kama kiganja, bibi alikibakisha. Kila Alhamisi jioni alikuwa anachota makaa jikoni, anayaweka humo, anadondosha ubani, moshi unapanda anazunguka nao chumba kwa chumba. Na alikuwa akiniita, "Mjukuu wangu, hebu niletee kigae changu hapo."